Mbiu ya Badi

Ulikuwepo mji ambamo watu weupe waliishi Kilimani na watu weusi waliishi Bondeni. Kisima kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa Kilimani. Weusi hawakuruhusiwa hata kukisogelea.

Kila asubuhi watu wa Bondeni walipanda mpaka kwenye lango la mfalme, wakasema, "Sisi ni watu kama ninyi. Tunataka haki sawa." Siku zilivyokwenda, baadhi ya watu wa Kilimani wakaanza kuwaunga mkono.

Mfalme akaingiwa na hofu. Akamwita Badi, mpiga mbiu wake, mtu aliyejua kupanga maneno yakawaingia watu.

"Wakataze watu wangu kuwasikiliza."

"Ukiwakataza ndiyo kwanza watatega masikio, bwana wangu," Badi alijibu. "Tuwaambie hakuna cha kusikiliza."

Basi akapita mitaani akitangaza: "Watu wa Bondeni hawana sauti! Mnachosikia ni upepo!"

Watu walicheka. Badi akarudia kesho yake, na kesho kutwa, hadi vicheko vikakoma. Weusi walipofungua vinywa vyao pale langoni, watu wa Kilimani walisikia mvumo tu. Wakawa wanajitanda mashuka kujikinga na upepo, na jua linawaka.

Badi alijua ni uongo, akajiona mjanja kuliko wote.

Alasiri moja mwanamke wa Bondeni aitwaye Mashavu alikuja mbio dirishani kwake. Nguo zake zilijaa udongo. Alikuwa akilia, midomo inakwenda mbio, mkono unaonyesha bondeni.

Badi akasikia: vuuu... vuuu...

Akachungulia. Nje hapakuwa na jani lililotikisika.

Akafunga dirisha.

Jua likielekea kuzama, mlango ukasukumwa. Mashavu aliingia amembeba Raya, binti wa pekee wa Badi, mguu umevunjika na nywele zimejaa udongo.

"Baba," Raya alisema kwa shida, "nilikuwa nacheza na wenzangu Bondeni kama kila siku, shimo la udongo likanifukia. Wamenifukua kwa mikono. Mama Mashavu alikuja kukuita. Mbona ulimfungia dirisha?"

Badi akapiga magoti. "Nisamehe, dada yangu. Uongo ule niliutunga mimi."

Mashavu akasema jambo. Raya alipolisikia, alifunika uso akalia.

"Amesema nini?" Badi aliuliza. "Mwanangu, amenisamehe?"

"Msikilize mwenyewe, baba."

Badi akatega sikio. Mvumo ukaja tena, karibu kabisa na uso wake, wala mwali wa taa haukuyumba.

Funzo: Kabla hujasambaza neno la kuwadharau watu kwa sababu ya rangi yao, jua kwamba hata wewe unayejua ni uongo litakuziba masikio, na siku utakapomhitaji binadamu mwenzako hutamsikia.