Aliyemkimbilia Mwenye Gobore

Ndugu zangu, kabla hatujafungua Neno nataka niwapeleke porini kidogo. Akina mama mniwie radhi, najua wengi wenu hamjawahi kushika gobore. Lakini kufunga mzigo wa safari mnakujua kuliko sisi wanaume, kwa hiyo mtanielewa.

Palikuwa na mwindaji mmoja, mtu wa nchi kavu chini ya milima, kule ambako mvua hupita kama mgeni mwenye haraka. Huyu bwana alisifika kwa jambo moja. Si shabaha, maana wenye shabaha walikuwa wengi. Alisifika kwa kutosahau kitu. Wenzake wakienda porini, huyu kasahau chumvi, nyama inawaozea. Yule kiberiti kimelowa, wanatafuna unga mbichi. Yeye, hapana! Siku mbili kabla ya safari alitandika turubai uani, akapanga vitu vyake kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina darasani. Baruti ndani ya pembe, mdomo umezibwa kwa nta. Goroli za risasi. Fataki za kuwashia baruti ndani ya kikopo cha dawa. Kisu cha kuchunia na tupa ya kukinolea. Kamba, chumvi, unga, sufuria ndogo. Kiberiti kimezungushiwa nailoni mara tatu. Dumu la maji. Shuka. Kitambaa safi cha kufungia jeraha, na dawa ya nyoka. Hata kibali chake cha kuwinda mnyama mmoja alikikunja vizuri akakitia mfuko wa shati, maana alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Na safari hiyo haikuwa ya mchezo. Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa hayajafika kiunoni. Nyumbani walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na siku nyingine hiyo mara moja ilikuwa uji. Mkewe akasimama mlangoni akimtazama anavyokaza mikanda ya shanta yake ya mgongoni.

"Baba Ndahani, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na Mungu je, umemwambia kwamba unakwenda?"

Mume akacheka kidogo. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeulizwa jambo asilolitarajia. "Mama Ndahani, nimekagua mara tatu. Huko niendako hakuna kitakachonikuta nikakosa cha kukijibu."

Mkewe akasema, "Haya. Nenda salama."

Sasa niwaulize, alikosea? Mimi sisemi alikosea. Kufunga mzigo vizuri ni akili, na akili katoa Mungu. Nani kati yetu angemsifu mtu anayeingia porini mikono mitupu? Tuendelee.

Aliondoka alfajiri pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe. Siku ya kwanza hawakuona kitu. Siku ya pili wakaona kinyesi cha zamani. Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, wakaona nyayo za tandala dume, kubwa, mbichi, zinashuka kwenye korongo. Korongo lile lilikuwa mto zamani, au tuseme lilikuwa mto kwa siku chache za mwaka; siku nyingine zote ni mchanga mtupu, na kingo zake zimesimama kama kuta, ndefu kupita watu wawili. Wakakubaliana. Shemeji apite juu, ukingo wa pili, asije mnyama akatorokea huko. Mwindaji ashuke pale chini kwenye mteremko, apande akiufuata mchanga taratibu.

Akaenda, shanta mgongoni, gobore mkononi. Hakuna upepo. Mbingu nyeupe kwa jua, hakuna wingu hata la kufunika kiganja. Kona ya tatu akamwona.

Ndugu zangu, tandala dume ni mnyama wa kukufanya usahau jina lako. Pembe zimejisokota kwenda juu mara mbili, mara tatu. Ubavuni ana mistari myeupe kama mtu kampitishia chokaa kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameinama kwenye shimo walilochimba tembo mchangani, anakunywa. Mwindaji akapiga goti. Hatua arobaini. Alihesabu pumzi zake. Aliwaona watoto wake wamezunguka sufuria, aliona mvuke. Akaweka kidole.

Tandala akainua kichwa.

Mwindaji akajua kaonekana, akabaki kama jiwe. Lakini masikio ya yule mnyama hayakugeukia kwake. Yaligeukia juu, kwenye milima. Yakasimama hivyo. Halafu tandala akageuka, akaanza kukimbia, na nataka mnisikilize vizuri hapa: hakumkimbia mwindaji. Alimkimbilia! Alikuja mbio moja kwa moja, kifua wazi, kuelekea kwenye mdomo wa gobore. Mwindaji alikuwa hajawahi kuona jambo hilo maishani mwake. Kidole kikafa ganzi. Mnyama akampita karibu, karibu kiasi cha kusikia joto la mwili wake, akaruka nyuma ya kichaka cha mti wa mswaki kilichoota ukingoni, na kwato zikasikika zinapanda.

Mwindaji akasimama, anataka kujilaani kwa uzembe. Ndipo akahisi mchanga unatetemeka chini ya viatu. Upepo wa baridi ukampiga usoni, upepo wenye harufu ya udongo uliolowa, na ndege wote wa korongo lile wakapaa kwa pamoja. Halafu akasikia sauti. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, mbali, mahali ambapo macho yake hayakufika. Mto ulikuwa unakuja.

Akakimbilia kile kichaka. Nyuma yake kulikuwa na ufa kwenye ukingo, njia nyembamba ya wanyama, ambayo yeye alikuwa amepita hatua chache tu kando yake asiione. Akajisukuma ndani. Shanta ikanasa kwenye mizizi. Akavuta, ikanasa zaidi. Jamani, vitu vyake vyote vilikuwa mle! Akavua mkanda wa bega moja, akavua wa pili, akaiachia. Akapanda kwa magoti na kiwiko, mkono mmoja umeshika gobore kwa mazoea tu, huku akiweka vidole palepale kwato zilipochimba.

Alipojitupa juu, maji yakapita.

Hayakupita kama maji tunayoyajua. Yalikuja yamesimama, mekundu, marefu kama nyumba, yamebeba miti mizima na mizizi yake, yanasukuma mawe ambayo watu kumi wasingeyatikisa. Ardhi iliguna. Pale alipokuwa amepiga goti, lile shimo la tembo, ule mchanga wenye nyayo zake, vyote vilitoweka kabla hajavuta pumzi ya pili. Akalala kifudifudi. Hakulia, hakusali. Aling'ang'ania nyasi tu, kama mtu aliyefunguliwa pazia akaona alichokuwa hastahili kuona.

Alipoinuka, tandala alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwake. Naye alikuwa amechoka, mbavu zinapanda na kushuka. Na yeye alikuwa anayatazama maji. Wawili hao, mwindaji na mwindwa, walisimama ukingo mmoja kama watu waliotoka msiba mmoja.

Ng'ambo ya maji shemeji yake alikuwa anaruka na kupunga mikono. Sauti haikufika, lakini mikono ilisema wazi: Piga! Huyo hapo, piga!

Hatua kumi. Baruti kavu ndani ya gobore, fataki mahali pake. Nyumbani njaa. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Mwindaji alishusha gobore, akaliweka chini kwenye nyasi. Tandala akamtazama kidogo, kisha akaondoka akitembea, bila haraka.

Kesho yake adhuhuri maji yalipungua, shemeji akavuka akiwa amekasirika kweli. "Shemeji, ulishindwa nini? Dada yangu na watoto watakula nini?"

"Sijui watakula nini," akasema mwindaji. "Lakini nimpigeje? Bila yeye, saa hizi mngekuwa mnautafuta mwili wangu."

Walirudi mikono mitupu. Mkewe alimwona tangu mbali, hana nyama, hana hata shanta, akaweka mikono kichwani. Lakini alipousikia mkasa wote aliketi chini, akamshika mumewe mkono, akakaa nao hivyo muda mrefu. Jioni ile walikunywa uji. Nanyi msidhani ulikuwa mtamu. Njaa ni njaa. Ila katika nyumba ile hakuna aliyelalamika, maana baba alikuwepo.

Mnadhani nitamalizia hapo, sivyo? Mnadhani nitasema: ndugu, fungeni mizigo yenu lakini msimsahau Mungu. Ni kweli, na lishikeni hilo. Lakini sicho kilichoninyima usingizi wiki hii.

Kilichoninyima usingizi ni hiki. Yule tandala hakumjua mwindaji wala hakumpenda. Alikuwa anaokoa roho yake mwenyewe, na kama mtu aliokoka kwa kumfuata, ni bahati ya huyo mtu. Lakini yuko mwingine aliyetuona tumepiga goti korongoni, silaha mkononi. Yeye alikuwa juu tayari. Alikuwa salama. Maji yasingemgusa kamwe. Akashuka mwenyewe kwenye mchanga wetu, akatukimbilia kifua wazi, ili tuione njia. Na alijua kabisa tumeshika nini.

Mwindaji maskini, mwenye watoto wenye njaa, alishusha gobore lake kwa ajili ya mnyama.

Sisi hatukushusha. Sisi tulipiga.

Mkitaka kujua kwa nini kanisani kuna msalaba, sababu ni hiyo. Risasi ilitoka upande wetu. Na bado, sikilizeni ndugu zangu, bado njia ile aliiacha wazi, na alama zake zipo palepale ukingoni, za mikono na za miguu, ili mtu aliyempiga aweke vidole vyake humo na kupanda.

Milimani mvua inanyesha. Wewe uliyekaa hapo unasubiri nini? Simameni, tuombe.