Mkubwa wa Nyumba ya Mama Pimbi

— Hadithi.
— Na ije.
— Ije mbio au ije polepole?
— Ije polepole, imetoka mbali.

Haya. Itikieni hivyohivyo, wala msipige kelele. Leo nimechoka, na hadithi yenyewe ni ya mtu aliyechoka.

Alikuwapo Panya. Panya huyu aliishi mjini, darini mwa mashine ya kusaga unga. Mashine ilianza alfajiri, grrr, grrr, grrr. Mashine ikinyamaza, baa ya jirani inaanza, ndu, ndu, ndu. Miaka saba Panya hakupata usingizi wa kueleweka. Macho yalikuwa mekundu, masikio yamelegea, akitumwa chumvi anarudi na kiberiti. Siku moja akasema, "Nisipolala nitakufa." Hakuwa anatania. Mjomba wake alikufa hivyohivyo, alisinzia mbele ya paka.

Akajipa siku tatu. Akapanda milimani, Upareni, kwenye mji mdogo wenye maduka manne na ukungu mwingi. Akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Akafika kwa Mama Pimbi, mjane aliyepangisha chumba kimoja kwa wageni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kulala tu."

"Marahaba, mwanangu. Kitanda hicho, blanketi hilo, makande yako jikoni."

Kimya. Hakuna grrr, hakuna ndu. Panya nusura alie kwa raha. Akaweka kichwa kwenye mto.

Ngo, ngo, ngo.

Akaingia Fisi. Naye katoka mjini kupunga upepo, tumbo mbele, mwenyewe nyuma.

"Kitanda hiki cha nani?"

"Changu, bwana."

"Sasa changu. Na blanketi hili la nani?"

"Langu, bwana."

"Sasa langu. Na makande yale jikoni ya nani?"

"Yangu, bwana, sijayaonja."

"Sasa yangu."

Mama Pimbi alitaka kusema neno, akayaona meno ya Fisi, akalimeza. Panya akajikunyata sakafuni kwenye baridi. Fisi akakoroma, khoroo, khoroo, afadhali hata ile mashine.

Jioni Mama Pimbi akamwita Panya jikoni. "Mwanangu, kuna jambo. Kesho ni msaragambo. Ni kazi yetu ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu mmoja, mkubwa wa nyumba. Tunazoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mgongo wangu hauinami tena. Na nyumba isipotoa mtu, wanachukua sufuria yake kama faini. Itabidi uende wewe."

Panya akasikia moyo unashuka mpaka kwenye mkia. Siku tatu za maisha yake, na hata hizo zinaliwa. Alikaa pale jikoni muda mrefu, kwa sababu akili ya mchovu haina haraka. Kisha akainuka, akaenda kwa Fisi.

"Bwana Fisi, umechukua kitanda, umechukua blanketi, umechukua makande. Ahsante kwa kuniachia kile kimoja."

"Kipi?"

"Ukubwa wa nyumba. Kesho asubuhi watapita kuuliza mkubwa wa nyumba hii ni nani. Nitaitika mimi."

"Mkubwa anapewa nini?"

"Mimi mgeni, sijui yote. Nimesikia tu kwamba wakubwa wote wanakuwa pamoja kutwa nzima, halafu yanaletwa makande, sufuria ya kubebwa na nyani wanne."

Fisi akameza mate. "Ukubwa huo sasa wangu."

"Lakini, bwana, niliutamani sana."

"Nimesema wangu."

Panya akainamisha kichwa ili uso usionekane.

Asubuhi baragumu likalia, puuu, puuu. Nyani, msimamizi wa msaragambo, akasimama mlangoni na mji mzima nyuma yake.

"Mkubwa wa nyumba hii nani?"

"Mimi," akasema Fisi.

"Anayelala kitanda kikubwa nani?"

"Mimi."

"Anayemaliza chungu nani?"

"Mimi, mimi, mtu mwingine asiguse."

"Vizuri," akasema Nyani. "Shika chepe."

Fisi akageuka kumtafuta Panya. Panya alikuwa kitandani, blanketi mpaka masikioni. Fisi akataka kukana, ila mji mzima ulikuwa umemsikia mara tatu. Akashika chepe.

Chubwi, chubwi, tope magotini. Chubwi, chubwi, tope kiunoni. Makande yalipoletwa, yalikuwa mengi kweli, Panya hakudanganya. Lakini Fisi hakuweza kuinua mkono. Alisinzia bakuli likiwa mapajani, watoto wa Nyani wakamsaidia kulimaliza.

Kazi ilichukua siku mbili. Panya alilala siku mbili. Mama Pimbi alikuwa akipita, anamwekea kidole puani kuona kama anapumua.

Siku ya kurudi ikafika. Panya akashuka mjini, macho meupe. Wenzake wakamuuliza, "Milimani kuzuri?"

"Kuzuri sana."

"Uliona nini?"

Panya akafikiri. "Dari. Ya mbao."

Na Fisi? Fisi yuko kulekule. Kila baragumu likilia, Nyani anakuja kuuliza mkubwa wa nyumba ni nani. Fisi akisema si yeye, itabidi amwachie mwingine kitanda, na hilo hawezi. Basi anaitika. Wanampa chepe.

— Hadithi.
— Imefika?
— Imefika. Iacheni ikae.

Funzo mnalijua. Kazi ni heshima, uvivu ni aibu, na asiyekwenda kwenye msaragambo hapati raha. Fisi leo ana heshima tele, na malengelenge. Panya hakushika hata kijiti, akalala siku mbili, na huyo ndiye msimuige. Sasa mimi najilaza kidogo. Yule aliyesema juzi kwamba yeye ndiye mkubwa hapa nyumbani, vyombo viko uani.