Muhanga na Swali Lenye Mkia

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa, na atakayesinzia nitamwita jina lake la utani mbele za watu. Nimewaonya, watoto. Nimewaonya na nyinyi wazazi mnaojifanya mmekuja kuwachukua watoto tu.

Nianze na aibu yangu. Mwaka fulani kikundi chetu cha ngoma kilialikwa Uingereza. Mimi nikafikia kwa bibi mmoja mkarimu, mpishi wa viazi vya kuchemsha. Sahani ya kwanza nikala. Ya pili nikala. Akaniuliza kwa Kiingereza chao: huhitaji viazi vingine, unahitaji? Nikajibu kama tunavyojibu kwetu: ndiyo! Yaani ndiyo, sihitaji. Kumbe kwao ndiyo hiyo maana yake leta. Akaleta. Akauliza tena. Nikajibu kwa nguvu zaidi: ndiyo, ndiyo! Akaleta bakuli zima. Kwenye sahani ya tano kifungo cha suruali kikaruka, tii! kikatua kwenye mchuzi wa mumewe.

Mnacheka. Chekeni. Ila siku ile nilijua kuna maswali yenye mkia, na mkia wenyewe hupiga. Sasa sikilizeni ya wanyama.

Hapo zamani za kale, mimi nikiwa bado na kiuno, palikuwa na mbuga, na mbugani palikuwa na mtawala. Nyati. Pembe huku, pembe huku. Karani wake alikuwa Kasuku. Huyu Kasuku alikuwa amefungiwa miaka saba kwenye tundu, nyumbani kwa Mwingereza mwenye shamba la kahawa. Akatoroka. Hakutoka na kitu ila lugha.

Kasuku akamwambia Nyati, "Bwana Mkubwa, Waingereza hawapigi kelele za amri. Wanasema jambo, halafu wanalifunga mkia."

"Mkia?"

"Mkia. Jambo likiwa la kukubali, mkia ni wa kukataa: jua ni kali, si kali? Jambo likiwa la kukataa, mkia ni wa kukubali: jua si kali, ni kali? Ukipandisha sauti mwishoni, unauliza. Ukiishusha, huulizi. Unataka wakuitikie tu."

Nyati akafikiri. Akafikiri sana. "Mimi nitaishusha," akasema.

Ikawa desturi. Kila baraza, Nyati anasema jambo, anashusha mkia, "sivyo?" na wanyama wote wanaitikia kwa pamoja, "Ndivyo!" Wakishaitikia, Kasuku anagonga gogo kwa mdomo, ko! Jambo limepita.

"Swala hawapendi majani ya bondeni. Wanapenda ya kilimani, sivyo?"

"Ndivyo!"

Ko! Bonde likaenda.

"Kichaka cha Kwale ni kikubwa mno kwa ndege mmoja, sivyo?"

"Ndivyo!"

Ko! Kichaka kikaenda. Na Kwale mwenyewe aliitikia! Alikuja kushtuka Nyati ameshalala kichakani, anakoroma. "Yarabi," akasema Kwale, "ile sauti nyembamba si ilikuwa yangu?"

Ukaja ukame. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Muhanga, yule mama mwenye pua ndefu na kucha kama majembe, alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto ulimi umemkauka. Muhanga akashuka mtoni akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Siku ya kwanza, mchanga. Kwaru! Siku ya pili, mchanga. Kwaru! Siku ya tano, kucha mbili zimekatika, maji yakatoka. Chwi! Mtoto akanywa. Swala akanywa. Kwale akanywa.

Habari zikamfikia Nyati. Ndi! Ndi! Ndi! Akaja, akaitisha baraza pale pale kisimani. Alitaka kunywa, kuoga na kugaagaa. Wengine wasubiri masika.

"Mama," akanong'ona mtoto wa Muhanga, "masika ni kesho?"

Muhanga akasogea, akasimama mdomoni mwa kisima.

Nyati akasema, "Kisima hiki Muhanga amenichimbia mimi, sivyo?"

Vinywa vikafunguka. Mazoea ni mabaya, jamani. Lakini kabla hawajaitikia, sauti moja ikawatangulia.

"Sivyo."

Vinywa vikabaki wazi. Hata nzi walitua.

Kasuku akaruka, puruu! "Bi Muhanga, umekosea! Hapo mtu hajibu hivyo. Sauti imeshushwa. Bwana Mkubwa hakuuliza!"

"Kama hakuuliza, angenyamaza. Nimesikia swali, nimejibu."

"Mmmh!" wanyama wakaguna.

Nyati akapuliza pua, pfuu! "Muhanga, unaziona pembe hizi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Naweza kukurusha hadi ng'ambo ya mto, sivyo?"

"Ndivyo, Bwana Mkubwa."

"Basi kisima ni changu, sivyo?"

"Sivyo."

"Wewe una kichwa kigumu, sivyo?"

"Ndivyo. Na kucha pia."

Swala akacheka, akajifanya anakohoa. Nyati akaona baraza linamponyoka. Akawageukia wote, akatoa ule mkia wa pili, wa Kiingereza safi. "Jamani! Mama huyu hana haki na maji haya, anayo?"

"Anayo!" akalia Kwale, manyoya yamemsimama. "Anayo, shoga yangu, na mimi kichaka changu nakitaka!"

"Anayo!" akasema Swala, safari hii bila kukohoa.

"Anayo!" wakasema wote kwa pamoja. "Anayo!"

Na Kasuku, maskini, akasikia baraza limeitikia kwa sauti moja. Kazi ni kazi. Akainama, akagonga gogo. Ko!

Jambo limepita.

"Kasuku!" Nyati akanguruma.

"Samahani, Bwana Mkubwa! Mdomo umezoea!"

Funzo nalitoa sasa hivi, maana neno la mwisho si langu, na likishasemwa sitakuwa na la kuongeza. Ukiulizwa, jibu unachokijua, hata kama aliyeuliza alitaka uitikie tu. Wanaoitikia kila kitu huitikia hata kufukuzwa kwao wenyewe. Ndilo hilo. Na hadithi yangu naitua hapo mtoni, muichukue.

Wanyama wakampa Nyati mgongo. Wakapanga mstari kisimani, mmoja mmoja. Mtoto wa Muhanga mbele, Kwale mwisho. Nyati akabaki peke yake juani, koo limekauka. Akajikokota. Ndi... ndi... ndi...

"Muhanga, mimi ndiye mkubwa wenu. Nitakunywa kwanza."

Muhanga hakugeuka.

"Nyuma ya Kwale."