Uso wa Mtendaji na Barua Arobaini

Hapo zamani, Jumatatu moja saa nne asubuhi, kijiji cha Kwemkanga kilikuwa na ofisi moja, mtendaji mmoja, na kisima hata kimoja hakikuwapo.

Mtendaji aliitwa Shekwavi. Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja Alhamisi, na Shekwavi alitaka picha yake iwe ukutani kabla hajafika. Akamwita Tunu, mpiga picha aliyetengeneza karatasi zake kwa mkono.

"Karatasi iwe ya hapahapa," akasema Shekwavi. "Uso wangu haukai kwenye kitu cha dukani."

"Basi nipe makaratasi ya kutwanga."

Shekwavi akamgeukia karani wake, Kaoneka. "Mpe chochote kisicho na kazi."

Kaoneka akamletea boksi la barua za wananchi. Zilikuwa arobaini, na mwandishi alikuwa mmoja: Mama Singano, mjane wa bondeni, aliyeteka maji mtoni, mwendo wa saa nzima.

Tunu akaziloweka. Akazitwanga kwenye kinu. Akachota rojo kwa chekeche, akaianika. Karatasi ilipokauka akaipaka dawa, akalaza juu yake filamu aliyompigia Shekwavi, akaiweka juani, akaisuuza. Uso wa Shekwavi ukatokea.

Alhamisi mkuu wa wilaya akasimama mbele ya picha. Akavaa miwani. Kwenye paji la uso palisomeka "kisima". Shavuni, "mwaka wa tatu sasa". Chini ya kidevu, "sijajibiwa".

"Shekwavi, mbona uso wako unalalamika?"

"Mheshimiwa," akasema Shekwavi, "niliamua kero za wananchi nizibebe usoni."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. Akaagiza kisima kimoja. "Kichimbwe mlangoni kwa aliyekileta. Ni nani, mtajua wenyewe."

Kesho yake mkutano ukakaa.

Mama Singano akasimama. "Barua arobaini nimeandika mimi. Goti limekwisha kwa kile kilima. Kisima ni changu."

Watu wakasema, "Hapo kweli."

Kaoneka akasimama. "Mama, barua zako zimekaa kwangu miaka mitatu. Zilileta nini? Mende. Karani aliyenitangulia, barua za watu aliwashia jiko. Mimi sikuchoma hata moja. Kisima ni changu."

"Hapo kweli."

Tunu akasimama. "Nani alizisoma zikiwa nzima kwenye boksi? Nilipoona maneno yake, nikaacha kutwanga katikati. Ningetwanga zikalainika, leo mngekuwa na picha nzuri na kiu. Kisima ni changu."

"Hapo kweli."

"Si ulisema uliacha kutwanga kwa kuwa mkono ulichoka?" Kaoneka akauliza.

"Mtendaji ndiye niliyemwambia hivyo. Wewe ulitaka nimwambie nini?"

Shekwavi akasimama, akanyoosha koti. "Mheshimiwa alisimama kutazama nini? Karatasi? Alisimama kumtazama mtendaji. Bila uso huu, maneno yale yangesomwa na nani?"

Hakuna aliyesema hapo kweli. Mzee mmoja akanong'ona, "Ila kusimama, alisimama." Wakamzomea.

Ndipo Kaoneka akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ya arobaini na moja ya Mama Singano, imeletwa baada ya boksi kuondoka. Akaisoma: "Kisima kichimbwe uani kwangu, nami nitakitia kufuli."



"Kufuli la nini, dada?" mwanamke mmoja akauliza.

"La kufungia," akajibu Mama Singano. "Nilipopita kwenu mtie saini, mlisema ninajipendekeza serikalini. Wewe, shoga, ulisema ujane umenipanda kichwani. Hata saini mlininyima. Leo mnataka na funguo?"

"Mimi kwangu sitafunga," akasema Tunu.

"Wewe kwako una bomba la mjomba wako mjini," akasema Kaoneka. "Huku unalala siku mbili kwa wiki."

"Na wewe huna hata ndoo. Mkeo ndiye anayeteka."

"Basi kiwe ofisini," akasema Shekwavi, "yaani kwangu."

Wakabishana hadi adhuhuri, wakaondoka bila jibu.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, wachimbaji walifika na sururu zao. Walikuta watu wanne, kila mmoja amesimama mlangoni kwake, anawapungia mkono. Wakaweka sururu chini na kuuliza wachimbe wapi.

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, semeni: wachimbe mlangoni kwa nani?