Mama Ngiri Ahamia kwa Fisi

Haya, masikio?
Yako wazi!
Na midomo?
Tumeifunga!

Hapo zamani za kale, mimi nikiwa palepale nyuma ya kichuguu, niliona yote kwa macho yangu haya. Anayebisha aondoke sasa hivi.

Palikuwa na Mhanga, fundi wa kuchimba mashimo. Wanyama wengi hawajui kuchimba, basi walimwonyesha vichuguu vyenye mchwa, chakula chake, naye akawapa mashimo ya kulala. Kila wiki alichimba manne.

Mfalme Fisi akasema, "Katika manne, moja ni kodi. Tuwape wasiojiweza." Mhanga akatoa. Nungunungu mjane akapata pa kulala.

Wiki ya pili Fisi akasema, "Wasiojiweza ni wengi. Katika mawili, moja ni kodi." Mhanga akachimba mawili tu. Kodi ikabaki shimo moja kama mwanzo, akapewa Mbweha kilema.

Jamani! Si Fisi angeshtuka? Wapi!

Wiki ya tatu Fisi akafoka, "Mhanga ana kiburi! Abaki na moja, mengine yote ni kodi!" Mhanga akachimba moja, akaingia, akalala.

Zamu ya kupewa shimo la kodi ilikuwa ya Mama Ngiri. Ana watoto wanne, masika yamefika, na Chui ameanza kupitapita akiwahesabu.

"Mheshimiwa, shimo langu liko wapi?"

"Mama, nimepandisha kodi kwa ajili yako!"

"Sikuuliza kodi. Nimeuliza shimo!"

Akamwendea Mhanga. "Baba, amka, wanangu wataliwa."

"Nichimbe la nani, Mama Ngiri? Kucha zangu si chuma. Aniachie matatu katika manne, nitaamka hata sasa."

Mama Ngiri akachoka. Akawakusanya wanawe, akawaingiza katika shimo la Fisi mwenyewe! Yeye akaingia mwisho, kinyumenyume, meno yametazama nje.

Fisi akaja mbio. "Toka kwangu!"

"Simo kwako, nimo kwenye kodi!"

Fisi akajaribu kuingia, akachomwa pua. Mvua ikamshukia. Akatetemeka, akalia, "Irudi moja katika manne! Nisameheni, nilikosea!"

Kabla ya adhuhuri Mhanga alishachimba manne. La nne likawa la Mama Ngiri.

Basi sikieni. Mwenye nguvu amsitiri asiye nacho, hiyo ni haki. Lakini ukimkamua fundi mpaka akalala, yule uliyetaka kumsaidia atalala nje.

Hadithi yangu naifukia hapa, mwenye jembe aifukue.

Ila lile la Fisi kuomba msamaha nimetia chumvi mwenyewe. Mfalme gani huyo?