Ganda la Mgongoni

Tegeni masikio, jiwe lina neno.

Muchaneta, mchonga mawe wa Kishona, alifiwa na bintiye Nyaradzo. Siku moja mlimani jiwe jeusi likamwita, "Baba!" Akalibeba, akaanza kuchonga. Alipochonga macho, yakafumbuka. Alipochonga mdomo, ukasema, "Baba, niachie ganda la jiwe mgongoni. Pumzi yangu imo humo."

Wachongaji wenzake wote huacha ganda. Lakini yeye, mwanawe awe na magaga mgongoni? Akachonga mgongo, akausugua ukawa laini. Akaipasha sanamu moto, akaipaka nta, ikang'aa.

"Nyaradzo?"

Kimya.

"Nyaradzo, mama?"

Kimya.

Akaokota vipande vya ganda, akavibandika kwa nta. Vikaanguka.

Wapita njia huisifia sanamu ile mpaka leo. Muchaneta bado anabandika.