Bi Mwanamvua na Watoto wa Kibibi

Paukwa!
Pakawa!

Nyie wa nyuma mnaitikia na ugali mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Palikuwa na bustani, bustani ikawa na kunde, kunde zikawa na mwenyewe. Hapo kale mwenyewe alikuwa Bi Mwanamvua. Binti yake kajifungua kijiji cha pili, na kwa desturi yao, arobaini ya mtoto ikifika, bibi mzaa mama sharti apeleke kapu la mboga ya kunde. Ukienda mikono mitupu, wakwe watakusema mpaka mjukuu aoe.

Basi vidukari wakavamia kunde, vijidudu vyeusi tele, wakifyonza utomvu mpaka majani yakajikunja. Bi Mwanamvua akawaomba waondoke. Wakajibu kwa pamoja, "Tunyonye kidogo tu, mama, kesho tunaondoka."

Kesho hawakuondoka. Akamleta kuku. Kuku akala vidukari watatu na tuta zima la kunde. Waliobaki wakasema, "Tunyonye kidogo tu, mama, kesho tunaondoka."

Akapiga maji ya sabuni na pilipili. Wakapungua, lakini akajisahau akajifuta jicho, akashinda analia. Kufumbua jicho, wameshazaliana. "Tunyonye kidogo tu, mama, kesho tunaondoka."

Ndipo akatua mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, jina lake Kibibi. Bi Mwanamvua, mtu wa kufagia hadi bustanini, akamwinulia ufagio.

"Shusha ufagio, mama," Kibibi akasema. "Mimi majani sili, nakula hao. Ila kona ile ya maua iache na magugu yake, nilee watoto. Na watoto wangu usiwaseme."

Kona akaiacha, roho ikimuuma. Lakini watoto sasa! Weusi, warefu, miiba mgongoni, vijimamba vyenye njaa. Bi Mwanamvua akameza mate, akasema, "Mashaallah, wamefanana na baba yao." Asubuhi akasema, mchana akasema, jioni akasema. Nao asubuhi wakala, mchana wakala, jioni wakala. Kidukari wa mwisho alimezwa akiwa bado kwenye "kidogo tu".

Siku ya arobaini kapu likafika limejaa, wakwe wakakosa la kusema. Akaletewa mjukuu. Akafunua nguo, akatazama. Akatazama tena. Wakwe wote wanamsubiri aseme.

"Mashaallah," akasema, bila hata kumeza mate. "Amefanana na baba yake."

Ngano nimeifagia hadi hapa, kona nimewaachia nyie. Usiinue ufagio kabla hujajua nani anakula nini. Na atakayeniuliza mimi nimefanana na nani, leo analala njaa.